Injini Iliyokatwa Nusu: Ukoo wa Ndege Iitwayo Miss Kenya

Ndege ya kwanza kuandikishwa nchini Kenya haiko Kenya. Iko Old Warden, kijiji kimoja cha Bedfordshire nchini Uingereza, katika makumbusho ya Shuttleworth, na siku za maonyesho, upepo ukitulia, hutolewa bandani ikapashwa moto ikaruka. Jina lake ni Miss Kenya. Kwa wanaojua mambo ya ndege ni de Havilland DH.51, ya mwaka 1924, moja kati ya tatu tu zilizowahi kutengenezwa, na kati ya hizo tatu ndiyo pekee iliyobaki duniani.

Mara ya kwanza nilipoifikia karibu sikuanza na mabawa wala na jina. Nilikwenda moja kwa moja mbele, puani, nikahesabu silinda. Zilikuwa nne upande huu na nne upande ule, zimesimama kwa umbo la herufi V, na kila moja imezungukwa na mapezi membamba ya chuma yanayopitisha hewa ya kuipoza. Vumbi la nyasi lilikuwa limenata kwenye mafuta yaliyochuruzika chini ya kasha la injini. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu ya mgeni, kwa sababu kitu nilichokuwa nakitazama ndicho chanzo cha karibu kila ndege ndogo ya zamani niliyowahi kuipenda.

Tabia hiyo ya kuanzia puani nilirithishwa. Mjomba wangu alikuwa fundi wa injini katika uwanja wa Wilson, Nairobi, na nilipokuwa mdogo alikuwa akinichukua Jumamosi nikae naye kando ya uzio huku ndege zikipita. Nilipomuuliza ile inaitwaje, hakunijibu. "Mjomba, hesabu kwanza," aliniambia, kwa maana kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina hilohilo. Alitaka nimwambie silinda ni ngapi, zimesimama au zimelala, zinapozwa kwa hewa au kwa maji. Nikikosea, ndege iliondoka bila jina. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma historia ya ndege ndogo za miaka ya 1920 na 1930, nilielewa kwamba alikuwa akinipa njia sahihi ya kufuatilia nasaba ya ndege. Mabawa seremala hodari huyachora upya kwa wiki chache. Injini haichoreki hivyo. Mbunifu wa ndege ndogo hujiuliza kwanza ni injini gani inapatikana, uzito wake ni kiasi gani na bei yake ni ngapi, kisha ndipo huichukua penseli. Ndiyo maana ukoo wa ndege hizi naufuata kwa injini.

Basi tuanzie Ufaransa. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Renault ilikuwa na injini ya ndege ya silinda 8 iliyopozwa kwa hewa. Ilikuwa na jambo moja la ajabu: pangaboi halikufungwa kwenye fito kuu inayosukumwa na pistoni, bali kwenye fito inayofungua vali, ambayo huzunguka nusu tu ya kasi ya injini. Kwa hiyo pangaboi lilizunguka polepole, nalo pangaboi kubwa la mwendo wa taratibu huvuta hewa vizuri kuliko dogo la mwendo wa kasi. Kiwanda cha serikali ya Uingereza kilichokuwa Farnborough kiliufuata mfano huo, kikatengeneza injini yake yenye umbo lilelile, ikaitwa RAF 1A, kwa herufi za jina la kiwanda hicho, Royal Aircraft Factory, yenye nguvu farasi 90 hivi.

Mwishoni mwa mwaka 1910 aliingia Farnborough kijana mmoja aliyeitwa Geoffrey de Havilland. Alikuwa ameunda ndege kwa mikono yake, akajifundisha mwenyewe kuirusha, na kiwanda kikainunua kwa pauni 400 kikamwajiri na yeye. Huko ndiko alikochora B.E.2, ndege ya mabawa ya ghorofa, jozi moja juu na nyingine chini, iliyoanza na injini ya Renault. Toleo lake la B.E.2c, lililotumia zaidi RAF 1A, lilitengenezwa kwa wingi mkubwa vitani. Lilikuwa tulivu mno angani, lisiloyumbishwa kwa urahisi, kwa kuwa lilikusudiwa kubeba mtu wa kutazama ardhi na kuandika alichokiona, na utulivu huohuo ukawa balaa lilipokutana na ndege za kivita za Wajerumani ambazo zilihitaji kukwepwa kwa haraka.

Ukoo huu ulifika Afrika Mashariki mapema kuliko wengi wanavyodhani. Januari mwaka 1916 kikosi namba 26 cha anga cha jeshi la Uingereza, ambacho kiliundwa na Waafrika Kusini, kilishuka Mombasa kikaelekea Mbuyuni, karibu na Taveta, kikiwa na ndege za B.E.2c pamoja na nyingine za Henri Farman, kwenda kupigana na jeshi la Wajerumani katika Tanganyika. Miaka kumi hivi kabla ya Miss Kenya kuruka Kenya, watu wa bonde lile chini ya Kilimanjaro walikuwa wamekwisha kuona juu ya vichwa vyao ndege zilizochorwa na mkono uleule. Huwa nawafikiria wapagazi wa vita ile, waliobeba mizigo kwa vichwa maelfu kwa maelfu wakafa kwa njaa na kuhara, wakiinua macho na kuona mtu anapita juu ya njia ya siku nzima kwa dakika chache.

Vita vilipokwisha zilibaki injini nyingi zisizo na kazi. Kampuni moja, Aircraft Disposal Company ya Croydon, ilinunua shehena yote ya ndege, injini na vipuri vilivyobaki, ikawa inaviuza kidogo kidogo. Septemba mwaka 1920, Geoffrey de Havilland alianzisha kampuni yake, akahamia Stag Lane, kaskazini-magharibi ya London. Alikuwa na wazo ambalo wakati ule lilionekana kuwa ndoto: ndege ambayo mtu binafsi, asiye jeshi wala tajiri mkubwa, angeweza kuinunua, kuitunza na kuirusha mwenyewe.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa dogo kupita kiasi. Mwaka 1923 yalifanyika mashindano Lympne, kwenye pwani ya kusini ya Uingereza, ya ndege zenye injini zisizozidi sentimita za ujazo 750, na de Havilland akaleta DH.53, ndege ya mtu mmoja iliyotumia injini ya pikipiki. Ilikuwa nzuri kwa macho na nyepesi kama kipepeo. Desemba mwaka huo rubani Alan Cobham aliirusha hadi Brussels, na katika kurudi alikutana na upepo wa mbele uliomzuia hata treni ya mizigo iliyokuwa ikipita chini ikamwacha nyuma. Hapo jibu lilikuwa wazi: injini ya pikipiki haikutosha kumfikisha mtu safari ya kweli.

Kwa hiyo akageukia upande wa pili. Kama injini ndogo haifai, na injini mpya ya kati haipo sokoni, basi ichukuliwe ile kubwa ya zamani iliyojaa katika mabohari, RAF 1A, iliyokuwa rahisi sana kwa bei. Ndivyo ilivyozaliwa DH.51. Ilikuwa na mabawa ya ghorofa yenye upana wa futi 37, yaani zaidi ya mita 11, ikabeba watu watatu, na Julai mwaka 1924 de Havilland mwenyewe akairusha kwa mara ya kwanza. Iliruka vizuri. Kilichoikwamisha hakikuwa hewani, kilikuwa ndani ya injini. RAF 1A ilikuwa na mfumo mmoja tu wa kuwashia, plagi moja kwa kila silinda, na ukifa mfumo huo, injini nzima imekufa. Vitani watu walivumilia hatari hiyo kwa kuwa vita ni vita, lakini kwa ndege ya raia wenye mamlaka hawakukubali kutoa cheti cha usalama mpaka ifanyiwe majaribio ya ziada ya saa nyingi angani. Ile bei nafuu ya injini, ambayo ndiyo iliyokuwa sababu nzima ya ndege hiyo kuwapo, ikaanza kuliwa na gharama za kuithibitisha.

De Havilland akaamua kuibadili. Mhandisi Frank Halford alikuwa ameitengeneza upya ile Renault ya silinda 8 kwa niaba ya kampuni ya Croydon, akaipa vichwa bora na mfumo wa kuwashia ulio mara mbili, nguvu zake zikafika farasi 120, ikaitwa Airdisco. Ilipofungwa kwenye DH.51 ndege ikawa bora kwa kila hali isipokuwa moja: haikuwa tena ya bei nafuu. Ni tatu tu zilizotengenezwa. Moja ilipelekwa Australia ikafungwa maboya ya kuelea majini, na huko ndiko ilikoishia. Ya pili haikutoka kwao, nayo haikubaki. Ya tatu, iliyopewa herufi G-EBIR, ilipakiwa melini mwaka 1925 ikaletwa Mombasa.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hiki ndicho kiungo cha mnyororo wote, na mara nyingi hupitwa kwa sentensi moja. Mtu aliyeshindwa kuuza DH.51 angeweza kusema soko halipo. De Havilland hakusema hivyo. Aliona kwamba ana ndege mbili, moja ndogo mno na nyingine kubwa mno, na kwamba nafasi iliyo katikati yao haina injini. Akamwendea Halford na pendekezo ambalo, nikilitafakari hadi leo, naliona ni la akili ya fundi wa kweli: chukua Airdisco, yenye safu mbili za silinda nne, ikate nusu, ubaki na safu moja. Halford akatumia silinda na pistoni zilezile, kila silinda ikiwa na kipenyo cha milimita 105 na mwendo wa pistoni wa milimita 130, akazisimamisha nne kwa mstari mmoja juu ya kasha jipya la injini, na pangaboi safari hii akalifunga moja kwa moja kwenye fito kuu. Injini hiyo iliitwa Cirrus. Ujazo wake ulikuwa lita 4.5, nguvu zake farasi 60, na kwa kuwa sehemu zake nyingi zilitoka katika mabohari ya vita, bei yake ilivumilika.

Ukiangalia picha ya Cirrus na ya Airdisco pamoja huhitaji kuelezwa. Silinda ni zilezile, mapezi ni yaleyale, ni kama kumwona mtoto aliyechukua sura ya upande mmoja wa wazazi. Kisha de Havilland akafanya kwa ndege alichofanya Halford kwa injini: akaipunguza DH.51. Upana wa mabawa ukashuka hadi mita 9 hivi, viti vikawa viwili, kimoja nyuma ya kingine, kiwiliwili kikawa sanduku la mbao lililofunikwa kwa plaiwudi. Tangi la mafuta liliwekwa katikati ya bawa la juu, petroli ikashuka yenyewe kwa uzito wake bila pampu. Mabawa yaliweza kukunjwa kurudi nyuma kando ya kiwiliwili, ndege ikaingia katika banda la gari au ikavutwa barabarani kwa gari la kawaida. Tarehe 22 Februari 1925 aliirusha Stag Lane. De Havilland alikuwa mpenzi wa wadudu tangu utotoni, na mabawa yale yanayokunjwa yakamkumbusha nondo, yule mdudu wa usiku anayeizunguka taa, basi akaiita ndege yake Moth. DH.60 Moth ndiyo iliyoanzisha vilabu vya urubani Uingereza. Mwaka huohuo serikali ilisaidia vilabu vitano kununua ndege hizo, na watu wa kawaida wakaanza kujifunza kuruka siku zao za mapumziko.

Wakati nondo hao wakizaliana Uingereza, mama yao alikuwa Kenya. Aliyeiagiza DH.51 alikuwa John Carberry, mlowezi kutoka Ireland aliyeacha cheo chake cha ubwana wa kurithi akaja kulima karibu na Nyeri. Mwaka 1928 ndege hiyo ilipita mikononi mwa Tom Campbell Black na wenzake wawili, na daftari la usajili wa ndege la Kenya lilipofunguliwa, iliandikwa ya kwanza: G-KAA, na baadaye VP-KAA, herufi zilizobaki nayo kwa muda wote iliokaa nchini. Miaka hiyo hakukuwa na viwanja vya ndege kama tunavyovijua. Palikuwa na uwanda uliokatwa nyasi na kufukiwa mashimo ya ngiri, na kazi hiyo ilifanywa na watu wa vijiji vya jirani ambao majina yao hayakuingia katika daftari lolote. Hilo linanisikitisha kila ninaposoma kumbukumbu za marubani wa zama zile, kwa sababu ndege ya mwaka 1924 ilitegemea ardhi iliyotayarishwa vizuri kama ilivyotegemea injini.

Hewa yenyewe ilikuwa mtihani. Nyeri na Nairobi ziko juu ya mita 1,600, na mahali palipoinuka hivyo hewa ni nyepesi, mabawa hupata mshiko mdogo, na injini hupumua pungufu. Farasi 120 za Airdisco, zilizoonekana nyingi mno kwa mnunuzi wa London, zilikuwa za kiasi tu kwa nyanda za juu za Kenya saa saba mchana. Naamini hii ni sababu mojawapo ya ndege iliyokosa wateja kwao kupata maisha marefu huku kwetu.

Turudi kwenye injini, maana nayo ilikuwa inaendelea kuzaa. Silinda za akiba za vita hazikuwa na wingi wa milele, na Moth zilipouzwa kwa mamia, mabohari yakaanza kukauka. De Havilland alimwomba Halford achore injini mpya kabisa isiyotegemea mabaki ya vita, yenye mpangilio uleule wa silinda nne zilizosimama kwa mstari. Hiyo ndiyo Gipsy, ya nguvu farasi 100, na ndege iliyoibeba kuanzia mwaka 1928 ndiyo Gipsy Moth, iliyouzwa kwa pauni 650. Ndiyo aina aliyokuwa nayo Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza aliyeishi Kenya, aliyeanguka nayo Voi tarehe 14 Mei 1931, na aliyekufa pamoja naye alikuwa Kamau, mtumishi wake Mkikuyu. Habari za ajali ile husimuliwa mara nyingi kana kwamba kiti cha pili kilikuwa kitupu. Hakikuwa kitupu.

Kisha Halford akaipindua. Katika Gipsy III kasha la injini liliwekwa juu na silinda zikaning'inia chini yake. Mtu asiyezoea hushangaa, lakini faida zake zilikuwa mbili na zote kubwa. Kwanza, pangaboi lilipanda juu, mbali na mawe na nyasi. Pili, vichwa vya silinda vilivyokuwa vikimzuia rubani kuona mbele vilitoweka machoni pake, na pua ya ndege ikateremka. Nakumbuka Jumamosi moja mjomba alinionyesha injini ya namna hiyo ndani ya banda, akanipa kioo kidogo nikishike chini ili nione plagi. Mafuta yalikuwa yametona kutoka kwenye kichwa cha silinda ya mwisho hadi katika sinia la bati alilolitega, tone moja, kimya, tone lingine. Aliniambia injini iliyopinduliwa isiyotona mafuta ni injini isiyo na mafuta.

Kutoka hapo ukatokea mtoto maarufu kuliko wote, DH.82 Tiger Moth, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931. Watu huitambua kwa mabawa yake yaliyoelekea nyuma kama ya mbayuwayu, na wengi hudhani ni kwa ajili ya mwendo kasi. Sivyo. Jeshi lilitaka ndege ya mafunzo, na mwalimu aliyekaa kiti cha mbele akiwa amevaa mwavuli wa kurukia hakuweza kutoka kwa haraka, kwa kuwa juu yake palikuwa na tangi na mihimili ya bawa. Basi sehemu ya kati ya bawa la juu ikasogezwa mbele ili atokee wazi. Lakini bawa likisogea mbele, nguvu ya kuinua nayo inasogea mbele na haikutani tena na kitovu cha uzito, ndege ingeinua pua isitulie. Dawa yake ikawa kuzirudisha nyuma ncha za mabawa mpaka mizani ikae sawa. Ule urembo wote ni njia ya mtu kuokoa nafsi yake. Zaidi ya 8,000 zilitengenezwa, na marubani wengi wa Uingereza na makoloni yake waliopigana katika vita vya pili walijifunza kwayo.

Sitakaa sana kwa ndugu wengine. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways Nairobi, akiwa na Campbell Black kama rubani wake mkuu, na kazi ilianza kwa Gipsy Moth moja. Uwanja alioutumia ndio ule ambao leo unabeba jina lake, na ambao mimi na mjomba tulikaa kando ya uzio wake. Halford aliiongezea Gipsy silinda mbili zikawa sita, na Gipsy Six hiyo ikaivuta Vega Gull iliyochorwa na kampuni ya Percival, VP-KCC, mali ya Carberry yuleyule, ambayo Beryl Markham aliirusha peke yake kuvuka Atlantiki Septemba mwaka 1936 kutoka Uingereza hadi Nova Scotia. Gipsy Six mbili ziliibeba Dragon Rapide, ya mbao na kitambaa, na mwaka 1946 shirika la East African Airways lilipoanza kazi kwa ajili ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, lilianza na Rapide sita. Wazee wa pwani waliopanda ndege kwa mara ya kwanza miaka ile walibebwa na watoto wa ukoo huu.

Lakini kuna jambo moja la Old Warden linalonigusa kuliko mengine. Katika makumbusho hayohayo kuna ndege nyekundu, DH.88 Comet, nyembamba, yenye Gipsy Six mbili zilizoongezwa nguvu. Oktoba mwaka 1934 ilishinda mbio za kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, kwa muda wa saa 71 hivi, na waliokuwa ndani yake ni C. W. A. Scott na Tom Campbell Black, mtu yuleyule aliyekuwa mmoja wa wenye Miss Kenya. Miaka miwili baadaye, Septemba mwaka 1936, Campbell Black alikufa Liverpool, ndege yake ikiwa bado ardhini, baada ya kugongwa na ndege ya jeshi. Ndege zake mbili, ile nzito ya mwaka 1924 na ile ya mbio ya mwaka 1934, leo zinalala mahali pamoja. Miaka kumi tu ndiyo iliyo kati yao, na ukizitazama moja baada ya nyingine hutaamini.

Miss Kenya ilihifadhiwa Kenya miaka mingi baada ya kuacha kuruka. Dada zake wawili walikuwa mahali ambapo kitu cha zamani huuzwa au huchomwa ili kupisha kipya. Yeye alikuwa mahali ambapo ndege nyingine ya namna yake isingepatikana kwa urahisi, na watu waliokuwa naye hawakuthubutu kuitupa. Mwaka 1965 ilipakiwa ndani ya ndege ya mizigo ya jeshi la anga la Uingereza, aina ya Beverley, ikarudishwa ilikotoka. Mafundi na wanagenzi wa kampuni ya Hawker Siddeley karibu na Chester waliifumua na kuijenga upya, ubao kwa ubao, na mwaka 1973 ikaruka tena. Sioni vibaya kuhifadhiwa kwake Uingereza, kwa kuwa huko ina mafundi wa kuilea na wenziwe wa umri wake. Ninachotamani ni mtoto wa shule wa Nyeri au Nairobi afahamu kuwa ipo, na kwamba daftari la ndege la nchi yake lilifunguliwa kwa jina lake.

Siku ile nilibaki mpaka jioni, hewa ikatulia, wakaitoa. Fundi mmoja aliuzungusha pangaboi kwa mikono, polepole, akisikiliza kila silinda inavyobana pumzi, kisha akarudi nyuma na injini ikashika. Mlio wake si mkali. Ni mzito, wa kukoroma, unaosikika kifuani kabla ya masikioni. Iliruka mizunguko michache juu ya miti, ikatua kwenye nyasi, na walipoizima nilisogea nikampigia simu mjomba, ambaye siku hizi haoni vizuri lakini anasikia kila kitu.

Nikamwambia niko mbele ya ndege ya zamani. Akauliza silinda ni ngapi.

"Nane, mjomba. Kwa umbo la V."

"Zinapozwa kwa nini?"

"Kwa hewa."

Akanyamaza kidogo. "Na plagi? Moja au mbili kwa kila silinda?"

Niliinama nikaangalia tena ili nisimdanganye. "Mbili," nikamjibu.

"Haya," akasema, "sasa niambie inaitwaje."